Duka na Lugha: Ni Nani Anayejifunza Lugha ya Mwenzake?

Kila tunapofundisha historia ya kuenea kwa Kiswahili, biashara haikosi kutajwa. Tunawasimulia wanafunzi habari za misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora hadi Ujiji, na za wafanyabiashara wa pwani waliofika Buganda katika miaka ya 1840, enzi za Kabaka Suuna II, wakaiacha lugha yao katika kasri kiasi kwamba mwanawe, Mutesa I, aliijua na kuitumia. Kisha tunafunga daftari, kana kwamba biashara na lugha ziliachana siku reli ilipofika ziwani. Makala haya yanakusudia kuiendeleza habari hiyo mpaka kwenye soko la siku hizi, yaani biashara ya mtandaoni, kwa kufuata swali moja tu: mnunuzi na muuzaji wasipokuwa na lugha moja, ni nani kati yao anayejifunza lugha ya mwenzake?

Katika duka la zamani jibu lilikuwa wazi. Allidina Visram alitoka Kutch, Uhindi, mwaka 1863 akiwa bado mtoto, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 maduka yake yalikuwa yametapakaa kandokando ya reli kutoka Mombasa hadi huku kwetu Uganda. Yeye na wenzake walijifunza Kiswahili, na wengine wakaongeza Luganda. Hawakufanya hivyo kwa kuzipenda lugha hizo kuliko Kigujarati cha nyumbani kwao. Mteja asiyesikilizwa alivuka barabara akaingia duka la pili, basi. Kiswahili chao kilichekwa na walimu wa sarufi, na bado kinachekwa katika michezo ya kuigiza, lakini chumvi, mafuta ya taa na amerikani viliuzwa kwa Kiswahili hicho hicho. Maneno pesa na hundi tuliyapata kwa Wahindi. Soko, bei, bidhaa, faida na hasara tuliyapata kwa Waarabu. Ukiondoa maneno ya wafanyabiashara wageni katika Kiswahili, hutaweza kununua hata kibiriti.

Intaneti ilipoanza kuuza bidhaa, mambo yaligeuka. Kwa muda wa miaka kadhaa ni mnunuzi aliyetakiwa kujifunza lugha ya muuzaji, na lugha hiyo ilikuwa Kiingereza. Watu wengi hueleza jambo hili kwa kusema kwamba kompyuta yenyewe ilizaliwa ikizungumza Kiingereza. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Mfumo wa kuwakilisha herufi uitwao ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, na nafasi hizo zilitosha herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri chache za mashine. Mfaransa hakuzikuta alama zake juu ya irabu. Mrusi, Mwarabu, Mjapani na Mchina hawakukuta chochote. Hata Luganda, kwa ajili ya ile ŋ yake, ilibaki nje.

Kiswahili, kwa bahati, kiliingia mzima mzima bila kupungukiwa na herufi. Tahajia ya Kilatini ambayo kina Krapf na Steere waliianzisha katika karne ya 19, ikaja kusanifishwa katika miaka ya 1930, haina alama hata moja ambayo ASCII haikuwa nayo. Hata ng' ya ng'ombe inaandikwa kwa alama ya kawaida. Laiti tungeendelea kuandika kwa hati ya Kiarabu kama walivyoandika washairi wa Pate na Lamu, tungesubiri foleni pamoja na wengine. Ninalitaja jambo hili kwa sababu mara nyingi tunasikia kwamba Kiswahili kilichelewa mtandaoni kwa sababu za kiufundi. Katika suala la herufi, sababu hiyo haipo.

Isitoshe, tatizo la herufi lilipata dawa mapema. Toleo la kwanza la Unicode, mfumo uliokusudiwa kubeba maandishi ya lugha zote, lilitoka mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikabuniwa UTF-8, njia ya kuyahifadhi maandishi hayo ambayo ndiyo inayotumika leo karibu kila mahali. Wakati huo biashara ya mtandaoni ilikuwa haijafungua milango. Wavuti iliyobuniwa na Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, ilikuwa bado changa, na kanuni za NSFNET, mtandao mkuu uliogharimiwa na serikali ya Marekani, zilizuia matumizi ya kibiashara. NSFNET ilifungwa Aprili 1995. Julai mwaka huo Amazon ikaanza kuuza vitabu. Septemba likaanza soko la mnada lililokuja kuitwa eBay, kazi ya Pierre Omidyar, mtoto wa wazazi Wairani aliyezaliwa Paris. Maduka yote mawili yalikuwa ya Kiingereza kwa sababu rahisi sana: wenye kompyuta na kadi za benki wakati huo walikuwa Wamarekani. Dawa ya herufi ilikuwepo. Aliyekosekana ni mwenye duka aliyekuwa na haja nayo.

Kwamba ingeweza kuwa vingine, Ufaransa ni shahidi. Tangu mwaka 1982 shirika la simu la nchi hiyo lilikuwa likigawa bure mashine ndogo yenye kioo na kibodi, iliyoitwa Minitel, mwanzoni kwa shabaha ya kuchukua nafasi ya kitabu cha namba za simu. Mfaransa wa kijijini alikata tiketi ya treni na kuagiza nguo kutoka La Redoute akiwa nyumbani kwake, kwa Kifaransa chenye alama zake zote juu ya irabu, zaidi ya miaka kumi kabla ya Amazon. Mamilioni ya mashine hizo zilisambazwa. Kasoro yake ni kwamba duka hilo liliishia mpakani. Wavuti ya Wamarekani ilivuka mipaka, na Minitel ikazimwa tarehe 30 Juni 2012.

Wamarekani nao walipotaka kuvuka mipaka waligundua kile alichokijua Visram. Mwaka 1998 Amazon ilipotaka kuingia Ujerumani, haikutafsiri kurasa zake ikangoja wateja. Ilinunua duka la Kijerumani lililokuwa tayari likiuza vitabu mtandaoni, Telebuch, pamoja na watu wake, na Oktoba mwaka huo ikafungua duka la Kijerumani kwa jina lake. Tafsiri peke yake haikutosha. Boo.com ya London ilijaribu kinyume chake: mwishoni mwa 1999 ilifungua duka la mavazi katika nchi 18 kwa siku moja, kwa lugha na sarafu mbalimbali. Mei 2000 ilikuwa imefilisika. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo kurasa nzito ambazo simu za wakati ule hazikuweza kuzibeba, lakini tusisahau kwamba kuendesha duka moja kwa lugha nyingi ni gharama ya kila siku.

Mfano unaostahili kukaliwa zaidi na sisi walimu wa lugha, hata hivyo, ni ule wa China, kwa kuwa mhusika wake mkuu alikuwa mwalimu wa lugha.

Jack Ma alizaliwa Hangzhou mwaka 1964. Alijifunza Kiingereza kwa kuwatembeza bure watalii wa kigeni mjini kwao, kisha akakifundisha katika chuo kimoja cha mji huohuo, na mwaka 1994 akafungua ofisi ndogo ya tafsiri. Mwaka uliofuata alisafiri Marekani, na huko Seattle, kwa masimulizi yake mwenyewe, akaonyeshwa intaneti kwa mara ya kwanza. Akatafuta neno la Kiingereza lenye maana ya bia. Zilikuja bia za Ujerumani na za Marekani. Ya China haikuwepo hata moja. Mwaka 1999, katika nyumba yake, yeye na wenzake 17 walianzisha Alibaba. Jina hilo, ambalo wanafunzi wetu wanalijua kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela, lilichaguliwa kwa sababu linatamkika katika lugha nyingi na karibu kila mtu amelisikia.

Alibaba ya mwanzo ilikuwa kazi ya mfasiri kwa kila hali. Viwanda vidogo vya Zhejiang na Guangdong vilitaka kuuza nje lakini havikuwa na Kiingereza, kwa hiyo ukurasa mmoja uliwahudumia wenyeji kwa Kichina na mwingine ukawaonyesha wageni bidhaa hizohizo kwa Kiingereza. Kiingereza chenyewe mara nyingi kilikuwa cha kuchekesha, na kilichekwa sana. Lakini hapa tunamwona Visram tena: muuzaji amejifunza lugha ya mnunuzi, vibaya, na bidhaa zimetoka.

Sehemu ya pili ya kisa ndiyo yenye mafunzo zaidi. Mwaka 2002 eBay ilinunua theluthi moja ya EachNet, soko la mnada la Shanghai lililokuwa likiongoza nchini China, na mwaka 2003 ikamaliza kulinunua lote. Mei 2003, katikati ya maradhi ya SARS, Alibaba ikafungua Taobao, jina lenye maana ya kusaka hazina. Wengi waliamini kwamba mgeni tajiri angemmeza mwenyeji. Kumbuka kwamba eBay haikufanya kosa la kuuza kwa Kiingereza huko. Kurasa zake zilikuwa kwa Kichina. Hapa ndipo wanaodhani suala la lugha huishia kwenye tafsiri wanapokosea.

Kichina cha eBay kilikuwa Kichina cha kusoma: picha, maelezo, bei, bonyeza hapa. Mazungumzo kati ya mnunuzi na muuzaji hayakupewa nafasi, kwa sababu eBay iliishi kwa ushuru wa kila mauzo na ilihofia kwamba wakishafahamiana watamalizana pembeni. Mwaka 2004 mitambo ya EachNet ikaunganishwa na ile ya Marekani. Kurasa zikawa nzito kufunguka, na mabadiliko madogo yakawa yanangoja ruhusa kutoka mbali. Taobao, kwa upande wake, haikutoza ushuru, na ikaweka ndani ya duka lake chombo cha kuzungumzia kiitwacho Wangwang. Mnunuzi alianza kwa kubisha hodi: Je, ipo? Rangi nyingine? Punguza kidogo. Usafirishaji ni juu ya nani? Kwa kuwa watu walioelewana bei bado hawaaminiani, uliongezwa mfumo wa Alipay, ambao ulizishika fedha za mnunuzi na kumkabidhi muuzaji pale tu mzigo ulipofika. Desemba 2006 eBay ilitangaza kuifunga tovuti yake nchini China na kukabidhi kazi kwa mshirika wa huko. Alibaba ilipouza hisa New York, Septemba 2014, ilikusanya takriban dola bilioni 25.

Sitaki kudai kwamba gumzo peke yake ndilo lililoiangusha eBay. Kutotoza ushuru kulikuwa na uzito mkubwa, pengine kuliko yote. Ila matokeo ya gumzo hilo katika lugha yenyewe yanashangaza. Wauzaji wa Taobao walizoea kumwita kila mteja 'qin', kipande cha neno lenye maana ya mpendwa, na kumalizia sentensi kwa vijineno vya kubembeleza. Mtindo huo ukapata jina lake, Kichina cha Taobao, ukatoka sokoni ukaingia mahali pasipotarajiwa: mwaka 2011 chuo kikuu kimoja cha Nanjing kiliwajulisha wanafunzi wapya kwamba wamepata nafasi kwa kuwaita 'qin', na mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya China ikatangaza nafasi za kazi kwa mtindo huohuo. Watumishi wa Taobao nao waliitwa kwa neno la kale la mhudumu wa nyumba ya wageni, na wakachukua majina ya utani ya mashujaa wa riwaya za Jin Yong. Soko lilikuwa limezaa rejista mpya mbele ya macho ya watu.

Tangu hapo wenye maduka makubwa wameacha kubishana kuhusu umuhimu wa lugha. AliExpress, iliyofunguliwa mwaka 2010 kwa wanunuzi wa nje, ilianza na Kiingereza ikaongeza Kirusi, Kireno, Kihispania na nyinginezo kwa jinsi wateja walivyopatikana. Amazon iliingia India mwaka 2013 kwa Kiingereza, ikaongeza Kihindi mwaka 2018 baada ya kuwamaliza wateja wanaojua Kiingereza. Mwaka 2014 eBay iliweka tafsiri ya mashine kwa wateja wa Amerika ya Kilatini wanaozungumza Kihispania; wachumi waliolichunguza jambo hilo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, waliona kwamba mauzo ya Wamarekani kwenda huko yaliongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Bidhaa hazikubadilika, na wanunuzi walikuwa walewale.

Je, Kiswahili kiko wapi katika habari hii? Upande wa zana, hatukulala. Toleo la Kiswahili la Wikipedia lilianza mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004. Google iliongeza Kiswahili katika lugha inazozitafsiri mwaka 2009. Lakini biashara haikuingia kwa milango hiyo. Iliingia kwa mlango wa malipo.

Machi 2007 Safaricom ya Kenya ilianzisha M-Pesa, na mwaka uliofuata Vodacom ikaipeleka Tanzania. Jina lenyewe limebeba neno ambalo tuliletewa na wafanyabiashara wa Kihindi. Kwa mara ya kwanza mamilioni ya watu wakawa wanasoma kila siku maandishi ya Kiswahili ya kifedha kwenye kiganja: salio, kutoa, kuweka, wakala, namba ya siri, imethibitishwa. Angalia neno muamala. Zamani lilikuwa neno la wanazuoni wa fikihi, kwa maana ya mambo ya kuuziana na kukopeshana baina ya watu. Leo muuza nyanya wa Mwanza analitamka bila kuwaza. Kampuni nazo zimeona kwamba Kiswahili kinauza, ndipo Kenya ikapata Fuliza mwaka 2019, huduma ya kumkopesha mtu ambaye salio halitoshi, kwa kitenzi ambacho wanafunzi wengi wa Nairobi hawakuwa wakikitumia.

Duka lenyewe, hata hivyo, lilibaki nyuma. Maduka mengi makubwa ya mtandaoni ya ukanda wetu yalijengwa kwa Kiingereza. Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012 ikaenea hadi Afrika Mashariki, ilifunga biashara yake Tanzania Novemba 2019. Sisemi kwamba lugha ndiyo iliyoitoa, maana kusafirisha mzigo mmoja mmoja katika miji isiyo na anwani za nyumba ni mzigo mwingine. Lakini tazama mahali ambapo watu walikwenda kuuza. Wafanyabiashara wa Kariakoo, na wa Kikuubo hapa Kampala, ambao wamekuwa wakifuata bidhaa Guangzhou, huzianika picha kwenye Instagram na WhatsApp, na mazungumzo huanza: 'Dada, bado ipo?' 'Ipo mpendwa.' 'Mwisho bei gani?' Huku kwetu utasikia ssebo na nnyabo zikichanganywa na Kiswahili katika sentensi moja. Hii ni Wangwang bila Wangwang. Kilichokosekana ni ile dhamana ya fedha kushikwa mpaka mzigo ufike, na wengi wamelizwa kwa sababu hiyo. Istilahi za kumwita mteja peke yake zingemtosha mwanafunzi wa uzamili, na ningefurahi kumsimamia.

Ugumu wa kweli hujitokeza pale mambo yanapoharibika. Matangazo ya Tanzania yameifanya sentensi 'Vigezo na masharti kuzingatiwa' ijulikane na kila mtoto. Ukitaka kuvisoma vigezo vyenyewe, mara nyingi utavikuta kwa Kiingereza cha mawakili. Yaani mnunuzi amebembelezwa kwa Kiswahili, amelipa kwa Kiswahili, na amefungwa kwa Kiingereza. Simu ikifa siku ya tatu, hajui kama alikuwa na siku mbili au kumi na nne za kuirudisha, wala nauli ya kuirudisha ni juu ya nani. Kiswahili kiliwekwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017, lakini cheo hicho hakijamsaidia mtu huyu.

Nasi tunapojaribu kuvitafsiri tunakutana na kazi ambayo kamusi zetu zimeigusa juujuu tu. Chukua neno dhamana. Ni ya mshtakiwa anayeachiwa na mahakama, ni shamba linalowekwa rehani benki, ni ahadi ya mtengenezaji kwamba atatengeneza kitu kikiharibika. Mwanasheria wa Dar es Salaam ataliandika. Muuza simu wa Kariakoo atasema waranti. Wa Goma, aliyezoea Kifaransa, atasema garanti. Pesa nazo huko Goma mara nyingi ni franga. Duka moja likitaka kuwauzia wote watatu, pamoja na mteja wa Kampala ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu, litaandika lipi? Tumewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu ukurasa mmoja wa masharti ya kurudisha bidhaa wautafsiri kwa ajili ya wasomaji hao wanne. Walimu wenzetu wa Bujumbura, Kigali na Goma wanaombwa waufanyie kazi ukurasa huohuo na kututumia tafsiri zao.